Lile Gari Bovu Uani

Mwezi huu tuache kidogo habari za vikohozi vya watoto na unga unaoharibika, tutoke kwa mlango wa nyuma. Pale uani, kando ya kamba ya kuanikia nguo, nyumba nyingi za huku kwetu zina mpangaji asiyelipa kodi: gari bovu.

Tembea Nyakato, Igoma, Pasiansi au Butimba, hata vuka maji uende Sengerema, utayaona. Kuna Peugeot, kuna Volkswagen za mviringo, na hasa kuna Land Rover za zamani, zile fupi zenye paa la turubai ambalo likivuliwa gari linabaki wazi kama mtumbwi. Matairi yamekwisha upepo, springi za kiti zimechomoza, kuku wanataga chini ya usukani. Watoto wanacheza humo, mmoja dereva, mwingine kondakta. Wakati wake gari hilo lilibeba madaktari, mabwana shamba wa pamba, mapadre na wachungaji katika barabara za vumbi za Usukuma. Baba mkwe akalinunua ofisi ilipouza magari yake yaliyochakaa, akaliendesha mpaka likachoka, akaliegesha. Yeye ametangulia, gari limebaki.

Kisha jioni moja baba watoto analizunguka mara tatu bila kusema neno. Anaingia ndani, ananawa, na katikati ya ugali anatamka: nimeamua kulifufua gari la mzee.

Mama mwenzangu, hapo wengi wetu tuna majibu mawili tu. La kwanza ni kununa. La pili ni kusema "sawa, baba," na kuanza kuhesabu kimoyomoyo ni sare ngapi zitaingia ndani ya injini ile. Yote mawili yanamwacha mama nje ya jambo linalofanyika ndani ya uzio wake mwenyewe. Ushauri wangu ni kwamba ushuke uani nawe, tena mapema, kabla nati ya kwanza haijafunguliwa. Huhitaji kuwa fundi. Unahitaji macho, daftari na kipande cha chaki.

Sufuria na kikaango

Tuanze na kutu, maana kutu mama anaijua. Kikaango cha chuma ukikiacha na maji usiku kucha, asubuhi kimeota wekundu. Sufuria ya aluminiamu hata ikikaa wiki nzima haioti wekundu huo. Sasa Land Rover ya zamani ni sufuria na kikaango kwa pamoja. Ilipotolewa mara ya kwanza Uingereza mwaka 1948, vita kuu ilikuwa imekwisha miaka mitatu tu iliyopita, chuma kilipatikana kwa mgao, bali aluminiamu ilikuwapo. Basi bodi ikaundwa kwa mchanganyiko wa aluminiamu, na mifupa ya chini, yaani chasisi, ikaundwa kwa chuma.

Ndiyo maana gari hili hudanganya macho. Limesimama miaka 20 katika mvua za vuli na masika, milango mizima, rangi imepauka tu, na mtu anasema, "Hili halina ugonjwa." Huku chini mifupa inaliwa. Chasisi yake ni kama boriti lenye uwazi ndani, limeundwa kwa mabamba manne ya chuma yaliyochomelewa pamoja. Maji na matope huingia humo, hukaa, na kutu huanza kula kutoka ndani kuja nje. Nje utaona rangi nyeusi nzuri. Nyuma ya rangi hiyo pamebaki bamba jembamba kama kopo la maziwa. Tazama pia ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya abiria, na pale panapokanyagwa. Penye bolti na ribiti, ambapo chuma kinagusana na aluminiamu, huenda ukaona unga mweupe. Hapo aluminiamu nayo inaliwa, kwa sababu metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu, moja huila nyingine.

Sisi wa kando ya ziwa tuna nafuu moja. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, hivyo gari lililolala Mwanza halili kutu upesi kama lile lililolala Tanga au Dar es Salaam karibu na bahari. Lakini nafuu hiyo si ya kuitegemea sana.

Kwa hiyo kazi ya kwanza kabisa ni kumwita fundi wa kuchomelea aingie chini na nyundo ndogo na bisibisi. Agonge chasisi kuanzia mbele hadi nyuma, kila kiganja kimoja. Penye chuma kizima nyundo hulia. Penye kutu sauti hufa, kama unagonga mbao iliyooza, na bisibisi hupenya. Kila inapopenya aweke alama ya chaki. Uwepo, mama, na uzihesabu alama hizo.

Jirani yangu mmoja wa Nyakato alifanya hivyo. Alihesabu alama 11. Mumewe alikuwa ameshachagua rangi ya kijani na ameshaulizia bei. Alipoziona alama zile alikaa kimya siku mbili, kisha akasema mwenyewe kwamba rangi isubiri. Hakuna aliyemgombeza mwenzake. Chaki ndiyo iliyosema.

Pale penye alama pakatwe mpaka kwenye chuma kizuri, ndipo lichomelewe bamba jipya lenye unene ule ule. Fundi akitaka kuweka kiraka juu ya kutu ili amalize leo, mkataeni. Huyo anabandika plasta juu ya jipu. Wala fundi mwenye mashine ya kawaida asiguse bodi. Aluminiamu huyeyuka mapema sana kuliko chuma, atatoboa matundu pasipokuwa na tundu. Kama hana mashine na ujuzi wake, bodi iliyopasuka ni afadhali ifungwe kwa bamba na ribiti.

Tena vitu vikifunguliwa visiachwe uani. Aluminiamu chakavu ina soko. Huyeyushwa ikawa sufuria. Mji wetu una desturi ya zamani ya kugeuza bati kuukuu kuwa kitu kipya, hata eneo la Makoroboi lina jina hilo kwa sababu ya wale waliotengeneza koroboi. Ni kazi ya heshima, lakini usingependa mlango wa gari la mzee uirudie kwa njia hiyo usiku. Kila kipande kiandikwe, kiingie stoo, na bolti zake zifungwe kwenye mfuko wenye maandishi. Hapo mama mwenye mpango jikoni ana faida kubwa kuliko mafundi watatu.

Kadi ina jina la nani?

Hili ndilo hasa lililonifanya nichague mada hii, na ndilo linalosahaulika. Kabla ya shilingi ya kwanza kutoka, ombeni kuiona kadi ya gari. Mara nyingi bado ina jina la marehemu.

Fikiri pamoja nami. Marehemu ameacha watoto sita. Shangazi yuko Magu, kaka mkubwa yuko Geita, mdogo wao yuko Dar es Salaam. Gari likiwa bovu hakuna anayelitaka. Mnaambiwa hata mliondoe, linaharibu uani. Siku likiwaka na kung'aa, warithi wote watakumbuka kwamba lilikuwa la baba yao, na watakuwa na haki kabisa. Wakati huo fedha ya vitumbua vyako na mayai yako ya miezi 18 imo ndani ya chasisi ile. Utaidai kwa nani?

Basi ukoo ukae kwanza. Muhtasari uandikwe na waliokuwepo watie saini. Kama mirathi haijafunguliwa, ifunguliwe mahakamani, apatikane msimamizi wa mirathi, na ndugu wakikubali gari liende kwa mumeo, umiliki ukabadilishwe TRA. Huko huko mkaulize kama gari linadaiwa lolote. Zamani gari lilidaiwa ada ya leseni kila mwaka hata kama limelala juu ya matofali. Ada hiyo ilifutwa mwaka 2017 na mzigo wake ukahamishiwa kwenye bei ya mafuta. Ni hatua nyingi, najua, na baba watoto atasema unamchelewesha. Mwambie kwa upole kwamba gari limengoja miaka 20, halitakimbia mwezi huu.

Na wewe mama ujue nafasi yako. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kwamba mali ambayo mmoja alikuwa nayo kabla ya ndoa, ikiwa imeendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au kwa juhudi za wote wawili, nayo huhesabiwa pale mahakama inapogawa mali ya wanandoa. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango. Siandiki haya ili mtu aanze kuota mahakama. Nayaandika ili daftari lisidharauliwe.

Daftari lenyewe liwe kaunta buku, siyo karatasi za kuokota. Fedha ya gari la nyumbani haitoki kwa mkupuo, ambapo mngeiona na kushtuka. Hutoka kidogo kidogo, leo msasa, kesho nati, keshokutwa nauli ya fundi na soda yake. Kila kitu kiingie, hata soda. Na kabla ya kuanza mtaje kiasi ambacho hakitavukwa, na fedha ya ada na sare za Januari ikae mahali pengine kabisa. Angalieni meli yetu ya MV Victoria, iliyoanza safari zake ziwani mwaka 1961. Nayo ilichoka ikasimama miaka kadhaa. Ikakarabatiwa hapa hapa Mwanza na kurudi majini mwaka 2020 kwa jina la New Victoria. Lakini kwanza mkataba ulitiwa saini mwaka 2018, na fedha ikatengwa. Serikali haikuanza kwa kununua msasa.

Mjue pia gari hili likipona litakula nini. Injini ile ya petroli ya lita mbili na robo huenda kilomita 6 hivi kwa lita moja. Kwenda Musoma, kilomita 220 hivi, ni lita 36 au zaidi, na kurudi ni nyingine. Anayetarajia daladala ya kuingiza fedha atavunjika moyo. Anayetaka kumbukumbu ya baba yake, gari la kwenda shamba, na la kumbeba bi harusi wa familia paa likiwa wazi, huyo asikatazwe. Mimi binafsi naona furaha ya baba anayefanya kazi ya mikono jioni nyumbani kwake, watoto wakimshikia spana, ina thamani yake, na kuna vijiwe vingi vya jioni ambavyo ni ghali kuliko gari bovu.

Uani ni mahali pa watoto

Tatizo ni hao washika spana. Gereji ina ukuta na lango. Uani kwako kuna mtoto wa miaka miwili anayetia kila kitu mdomoni. Hapa mama usilegeze kamba.

Petroli, maji ya betri na dawa ya kuondoa kutu visiwekwe kamwe katika chupa za soda au za maji ya kunywa. Mtoto haulizi. Akinywa petroli au mafuta ya taa usimtapishe, kwa kuwa yakipanda tena huingia mapafuni na hapo ndipo penye hatari kubwa. Usihangaike na maziwa. Mpeleke hospitali mara moja, na chupa uichukue. Maji ya betri yakimrukia mtu ngozini au machoni, mmwagilie maji safi mengi kwa muda wa dakika 20 bila kukoma, kisha aende hospitali. Betri inapochajiwa hutoa hewa inayolipuka, basi jiko la mkaa na sigara vikae mbali nayo.

Rangi ya magari ya zamani mara nyingi ilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru akili ya mtoto mdogo hata bila dalili za kuonekana. Msasa upigwe kwa maji, siyo mkavu. Kazi ifanyike mbali na vyombo na nguo zilizoanikwa, mama mjamzito asikae karibu, pafagiliwe pakiwa na unyevu, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Vumbi la breki na klachi za zamani pia si la kupuliza kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Humo huwa na asbesto. Lipanguswe kwa kitambaa kilicholowa, kisha kitambaa kitupwe kikiwa ndani ya mfuko.

Asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Wala matofali ya saruji si ya kuaminiwa. Hubeba vizuri, halafu hupasuka ghafla. Ni stendi za chuma au magogo mapana ya mbao ngumu, na magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe kwa vipande vya mbao. Siku ya kuchomelea tangi la mafuta lifunguliwe na kupelekwa mbali. Wengi hudhani tangi tupu ni salama. Ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu hewa ya petroli iliyobaki ndani ndiyo inayolipuka. Nao watoto waondolewe, maana watakodolea ule mwanga wa bluu; maumivu huja usiku, macho kama yamejaa mchanga, na utakesha nao.

Oili chafu isimwagwe mtaroni. Hapa mjini mitaro mingi huishia Mto Mirongo, nao Mirongo huishia ziwani, ambako ndiko maji yetu na sato wetu wanatoka. Iwekwe kwenye dumu. Wajenzi huipaka nguzo za uzio kuzuia mchwa.

Breki kabla ya rangi

Akina baba wengi huanza na injini, kwa sababu injini ikiwaka mtaa mzima unasikia. Wengine huanza na rangi. Nakuomba umshawishi aanze na kinachosimamisha gari. Katika nyingi za Land Rover hizo mafuta ya breki hupita katika mfumo mmoja tu. Bomba moja likivuja, breki za magurudumu yote manne zinakwisha pamoja. Mipira ya breki iliyokaa miaka 20 imekauka hata kama inaonekana mizima. Ibadilishwe yote, pamoja na mabomba. Unajua milima yetu. Mtu anayeshuka kutoka Isamilo au Bugando kati ya mawe yale hana nafasi ya kubahatisha.

Nyuma ya gari hili viti ni mabenchi ya pembeni, abiria wanatazamana, na mara nyingi hakuna mikanda. Watoto wataililia nafasi hiyo, hasa paa likiwa limevuliwa. Kwa mwendo wa polepole shambani ni sawa. Barabara kuu ya lami ni jambo lingine, na hapo mimi ningekuwa mkali: wanaobaki bila mkanda wapande basi. Mikanda inaweza kufungwa kwenye viti vya mbele, ila ishikizwe kwenye chuma kizima na fundi anayejua, siyo kwenye bati la aluminiamu.

Mwisho ni paa, na hili ni eneo letu. Turubai la zamani, hata likiwa limechanika vipande, usilitupe wala kuligeuza la kuanikia mihogo. Lifumue taratibu mishono yake, kila kipande kiandikwe upande wake, nacho ndicho kitakuwa ruwaza ya jipya. Nunua turubai la pamba zito. Cherehani ya nyumbani yenye sindano nene, namba 18, itashona tabaka mbili bila taabu. Kwenye pindo na kona zenye tabaka nne itavunja sindano, hizo zipeleke kwa mafundi wanaoshona maturubai ya malori. Matundu ya kupitishia kamba yawekwe pete za chuma, la sivyo upepo wa ziwa utayachana msimu wa kwanza. Turubai jipya la pamba likinyeshewa mara ya kwanza huvuja kidogo. Nyuzi zikishavimba na kukauka mara mbili tatu, huziba zenyewe. Basi limwagieni ndoo kadhaa za maji hapo hapo uani kabla ya safari ya Musoma, wala msimlaumu mshonaji.